Walisimama Kunywa Chai

Wasikilizaji wapendwa, mchana mwema. Mlioko nyumbani, mlioko dukani mnangoja foleni, na ninyi mnaonisikiliza ndani ya gari njiani, karibuni. Mimi ni Marlene Nangala, na hii ni redio yenu ya Visima Viwili. Kiti changu ni kilekile, kinayumba upande mmoja, na feni ya juu inalia kama kawaida yake. Ila leo si siku ya kawaida. Nimeshaangusha miwani, nimeshaangusha kalamu, na kipindi ndio kwanza kimeanza.

Leo tunamkumbuka mwanamuziki wetu. Mwimbaji wetu wa kantri, ule muziki wa wachunga ng'ombe. Mzee aliyewafundisha watoto wetu kupiga gitaa. Kama mjuavyo, jina lake limelala, hatulitaji tena msibani. Tunamwita Kumanjayi, kama tunavyomwita kila aliyetutoka, na hivyo ndivyo nitakavyomwita mpaka mwisho. Yule fundi wetu wa magari mwenye jina moja na lake naye sasa anaitwa Kumanjayi, na analalamika kwamba vifurushi vyake dukani havifiki. Pole, fundi. Vumilia kama sisi wengine.

Na jambo hili mlijue mapema. Hamtasikia wimbo wake leo. Hamtasikia sauti yake. Familia haijaruhusu zisikike tena. Kaseti zake ziko kwenye sanduku chini ya meza hii na nimelifunika blanketi. Nimeendesha vipindi vingi katika redio hii, lakini cha mwanamuziki bila muziki sijawahi.

Sasa niwaambie mambo yalivyo hapa, maana wengi wenu mnayajua nusu nusu. Nje ya dirisha langu, karibu na tangi la maji, wamekaa vijana wa Kambi ya Magharibi. Mbele yao yuko Dale, mjukuu wa Kumanjayi. Ng'ambo ya uzio, upande wa kanisani, wamekaa vijana wa Kambi ya Kusini. Hawasalimiani. Na chumba cha nyuma, katikati ya maboksi yetu ya nyaya, amekaa Selwyn. Selwyn ndiye aliyekuwa anaendesha gari siku Kumanjayi alipotutoka.

Mjane wa Kumanjayi, wifi yangu Nungarrayi, ametuma ujumbe kwamba atakuja hapa leo. Atakuja studioni. Ana neno. Hakusema ni neno gani, na kwetu mjane hasemi mpaka msiba wake uishe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumuuliza. Sote tunangoja. Akimlaumu Selwyn, sijui kijana huyu atatokaje kwenye chumba kile. Akimwondolea lawama, labda tutalala. Basi wakati tunangoja, niwasimulie huyu kaka yangu wa ukoo alikuwa mtu gani.

Kumanjayi alizaliwa kwenye ranchi ya Maji Chumvi, kando ya kijito kikavu, enzi zile baba zetu walipokuwa wakichunga ng'ombe wa Wazungu kwa chai, unga na tumbaku. Mama yake alipika jikoni kwa bosi. Baba yake alipanda farasi. Yeye mwenyewe farasi hakumuweza. Dada yake mkubwa, Bibi Lorna, aliniambia juzi tukiwa kwenye kambi ya msiba: "Aliimba farasi maisha yake yote kwa sababu kila farasi alimwangusha. Angekuwa mchunga ng'ombe mzuri, tusingepata hata wimbo mmoja." Bibi Lorna alisema hivyo akacheka, halafu akajifunika shuka usoni, na sikumuuliza tena kitu siku ile.

Gitaa lake la kwanza lilikuwa la mchunga ng'ombe mmoja aliyelipiga teke akiwa amelewa. Lilikuwa na tundu ubavuni. Kumanjayi aliliziba kwa utomvu wa majani ya jangwani, uleule tunaounganishia mikuki, na likalia. Lililia vibaya, lakini lililia. Jioni bosi alifungulia redio ya betri barazani, na Kumanjayi alikaa chini ya ngazi akisikiliza kantri ya mbali, wanaume wanaolia juu ya mbwa wao na treni zao. Treni alikuwa hajawahi kuiona. Aliweka ng'ombe mahali pa treni, akaweka lugha yetu mahali pa Kiingereza, na hivyo ndivyo alivyoanza kutunga.

Mlimjua mlipomwona. Kofia pana nyeusi, mkanda wenye kifungo kikubwa kama sahani ya watoto, na buti alizokataa kuvua hata kwenye mchanga wa moto. Aliimba katika miji ya Tennant Creek na Alice, aliimba kwenye viwanja vya mpira ambako jukwaa lilikuwa mgongo wa lori. Na alikunywa. Siwezi kumkumbuka nikaficha hilo, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Alikunywa mpaka akasahau maneno ya nyimbo zake mbele ya watu, na wifi yangu akamrudisha nyumbani akiwa amelala juu ya spika. Alipoacha, aliacha. Alisema pombe inamfanya aimbe vibaya, na kuimba vibaya hakuweza kuvumilia.

Ngojeni kidogo. Kuna gari limesimama nje. Hapana. Ni la duka. Samahanini.

Wasikilizaji wapendwa, nyote mnakumbuka ule wakati wa kunusa petroli. Sitaki kuukumbuka, lakini lazima. Watoto wetu walitembea na makopo yamefungwa shingoni, pua ndani ya kopo, macho mekundu, hawasikii wakiitwa. Tuliwafukuza. Tuliwachapa. Tulilia. Kila nyumba ilikuwa na kitanda ambacho mama alikiangalia akijiuliza kama mwenye kitanda atarudi.

Kumanjayi alikaa mbele ya nyumba yake na fungu la nyuzi za gitaa. Alisema: lete kopo, chukua uzi. Ni hivyo tu. Mtoto alileta kopo lake, akapewa uzi mmoja. Uzi mmoja haufanyi kitu. Ilibidi arudi na kopo jingine, au aende kwa mwenzake mwenye uzi mwingine, waunganishe. Tulimcheka. Mimi nilimcheka waziwazi, nikamwambia watoto watatafuta makopo jalalani wamletee wapate nyuzi. Alinijibu: "Waache watafute. Anayetafuta kopo tupu hana nafasi ya kunusa lililojaa." Walitafuta kweli, wakamdanganya kweli, na jalala letu halijawahi kuwa safi kama mwaka ule. Lakini magitaa yalianza kulia kila kona.

Dale alikuwa mmoja wao. Selwyn alikuwa mwingine. Dale wa Magharibi, Selwyn wa Kusini. Na mnajua kambi hizi mbili. Tangu lile gari lililopinduka zamani, kila upande unahesabu wafu wake na kuwatupia wenzao lawama. Hata dukani walisimama foleni mbili. Kumanjayi alikuwa mtu wa Magharibi kabisa, lakini aliwaweka vijana wa pande zote mbili kwenye bendi moja. Dale aliimba na kupiga gitaa, Selwyn alipiga ngoma. Yeye mzee alisimama nyuma yao na kuimba sauti ya pili, ya chini, ambayo ukiwa mbali huisikii, lakini ikikosekana unajua.

Wimbo walioupenda ulikuwa na neno moja linalorudi: shikilia. Shikilia, kijana, jua litatoka upande wako. Sitauimba, usiogope, Lorna. Nataja neno tu. Neno hilo lilizuia vijana wawili ninaowajua wasijidhuru, na huenda wengine nisiowajua. Mama mmoja aliniambia mwanawe alikuwa ameshajifungia, na alipofungua mlango alisema, babu alisema nishikilie mpaka jioni, kwa hiyo nimeshikilia. Mama yule yuko hai na mwanawe yuko hai, na leo hii yuko nje pale karibu na tangi.

Kwa hiyo muelewe. Kumanjayi alipotutoka, hatukupoteza mwimbaji peke yake. Nyimbo zililala. Jina lililala. Bendi ikabaki na ngoma na magitaa na haina la kuimba, maana kila walichokijua kilitoka kwake. Na siku moja redio hii ilitia chumvi kwenye kidonda. Mashine yetu inajipigia nyimbo yenyewe mchana, na kulikuwa na wimbo wa mwimbaji wa Kilima Cheusi. Jina la juu ni la yule bwana, hakuna aliyefikiri zaidi. Kumbe nyuma yake, sauti ya pili, ni Kumanjayi. Sauti ikatoka kwenye spika za duka. Wanawake wakaanguka chini wakilia pale pale kati ya unga na sabuni. Nungarrayi alikuwa bombani anakinga maji. Aliacha ndoo ikafurika, akarudi kambi ya wajane, na hakutoka tena.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nitasema polepole, kwa sababu jambo hili limezungushwa sana mitaani.

Walikuwa wanarudi kutoka mashindano ya mpira kule Kilima Cheusi. Ndani ya gari walikuwa watatu. Selwyn kwenye usukani. Kumanjayi kando yake. Nungarrayi nyuma. Watatu tu. Kumanjayi alikuwa na maumivu ya kifua, na kila mtu aliyewaona wakiondoka anasema hivyo. Zahanati yetu ilikuwa mbele yao na barabara ilikuwa kavu. Walipaswa kufika mchana. Walifika jioni, na Kumanjayi alikuwa ameshatutoka.

Wanaume wa Magharibi walikwenda kusoma nyayo. Tunasoma nyayo vizuri, hilo hakuna atakayetunyang'anya. Wakakuta mahali gari lilipoacha barabara, likakata kushoto kuelekea Maji Chumvi. Wakakuta lilipozimwa chini ya mikalitusi. Wakakuta majivu ya moto na kopo la kuchemshia. Majani ya chai yamemwagwa. Wakaona mzee alipokaa, ameegemea mti. Wakaona mama alipokaa. Na wakaona nyayo za Selwyn zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi, za mtu aliyekuwa na nafasi ya kutembea. Moto uliwaka muda mrefu. Halikuwa tairi lililopasuka. Haikuwa injini.

Basi mnayajua maneno yaliyofuata. Mzee anakufa, na wewe unachemsha chai? Walimwuliza Selwyn mbele ya wazee. Alijibu, "Tulisimama." Wakamwuliza kwa nini. Akasema, "Tulisimama tu." Baba yake mwenyewe akamwomba aseme. Hakusema. Kijana akikaa kimya hivyo, watu hujaza wenyewe. Mmoja akasema alikuwa amelewa. Mwingine akasema Kambi ya Kusini ilimtuma. Na kila mtu akamtazama Nungarrayi, aliyekuwa ndani ya gari, na Nungarrayi akawa anampita Selwyn bila kumwangalia. Tukasema, mnaona. Hata mjane anajua.

Ndugu zangu, mjane hamwangalii mtu yeyote. Sisi wenyewe ndio tuliomfunga mdomo kwa mila yetu, halafu tukausoma ukimya wake kama nyayo.

Wazee wanasema Selwyn asimame uwanjani, atoe paja lake, mkuki umchome, yaishe. Zamani yaliisha hivyo kweli. Ila zamani aliyeshika mkuki alijua pa kuishia. Wiki iliyopita vijana wetu walipigana kwa nondo nyuma ya kiwanja cha mpira, na kichwa kimoja kilishonwa. Sasa Dale anasema yeye ndiye atakayeshika mkuki. Yeye na Selwyn walikula sahani moja, wakavuta blanketi moja kwenye lori la bendi. Usiku sipati usingizi. Nikisikia mbwa wanabweka nasimama dirishani. Bibi Lorna naye hivyo hivyo, ananipigia simu kuniuliza kama nimesikia alichosikia.

Naona watu wanasimama nje.

Amekuja. Wasikilizaji wapendwa, wifi yangu amekuja. Anatembea kutoka kambi ya wajane, Bibi Lorna kamshika mkono. Amenyoa nywele, kama inavyotakiwa. Vijana wa Magharibi wanageuza nyuso chini. Vijana wa Kusini nao wanageuza. Wanawake hawa wawili wanapita katikati yao. Nimewaachia mlango wazi. Ameingia.

Nungarrayi amekaa. Hakukaa kwenye kiti nilichomwekea mbele yangu. Amekivuta, amekigeuza, amenipa mgongo. Anaangalia mlangoni. Bibi Lorna anamwita Dale. Dale anaingia, kofia mkononi. Alikuja na nondo, ameiacha nje ukutani, nimeisikia ikigonga. Na sasa Bibi Lorna anafungua mlango wa chumba cha nyuma, na Selwyn anatoka. Selwyn amekonda. Anasimama karibu na feni ya sakafuni na haangalii mtu.

Mjane amenyanyua mikono. Ataongea kwa mikono, kama wajane wetu wanavyoongea. Mimi siioni mikono yake kutoka hapa, naona mabega tu. Selwyn yuko pembeni, naye haioni. Anayeiona ni Dale. Amekaa hivyo makusudi, wifi yangu. Dale amekulia mapajani mwake na lugha ya mikono anaijua kuliko sisi wote. Bibi Lorna anamwambia aseme kila anachokiona, kwa sauti, watu wasikie. Dale anatikisa kichwa. Bibi Lorna hatanii. Nasogeza kipaza sauti.

Sema, mjukuu wangu.

"Anasema," Dale anasema, "gari halikuharibika."

Endelea.

"Anasema babu alisema kata kushoto. Twende Maji Chumvi. Selwyn akasema hapana, babu, zahanati kwanza. Babu akasema kata kushoto. Selwyn akasema hapana. Akaongeza mwendo. Ndipo mimi..."

Dale amekatiza. Anamwambia mjane, bibi yake, kwamba hilo hatalisema. Mabega ya wifi yangu yanasogea tena, mikono inarudia, sasa kwa nguvu, nasikia kiganja kikigonga kiganja. Na ninyi labda mmekisikia.

"Ndipo mimi nikamshika Selwyn bega," Dale anasema. "Nikamwambia kata kushoto. Mimi. Mke wake."

Endelea, mwanangu.

Anaendelea, na nitawapa kama anavyosema, maana sauti yake inapotea na nyinyi wa mbali hamtaisikia. Anasema babu alitaka kukaa pale alipozaliwa. Alitaka chai iliyochemshwa kwenye kijito kile. Selwyn aliwasha moto, akaimwaga sukari yote mchangani. Babu akanywa hivyo hivyo. Akasema haina utamu, akacheka. Selwyn alikuwa akienda nyuma ya mti na kurudi, akienda na kurudi, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka wamwone. Nesi alishamwambia babu siku nyingi kwamba moyo umechoka na hakuna dawa ya kuurudisha. Babu alijua. Bibi alijua. Vijana ndio waliokuwa hawajui.

Na hapa Dale amekaa chini sakafuni. Anasoma mikono akiwa amekaa.

"Babu akamwambia Selwyn, usiwaambie vijana. Mimi ndiye niliyewaimbia washikilie. Wakisikia mzee mwenyewe kakataa zahanati, kuna mmoja atasema basi na mimi naacha kushikilia. Selwyn akamwahidi. Selwyn ametimiza. Mlimtukana akatimiza, mkampiga akatimiza."

Mikono ya wifi yangu imeshuka kidogo. Imepanda tena.

"Nyayo mlizisoma zote," Dale anasema. "Hamkuuliza chai ilikuwa ya nani. Na mimi nilingoja ukimya wangu uishe ndipo niseme. Lakini watoto hawa watauana kabla haujaisha. Kwa hiyo nasema leo. Mzee mgonjwa akitaka kukaa kwao, hajaacha kushikilia. Amefika. Kijana hajafika. Kijana ashikilie. Hayo si mambo mamoja, na wewe Dale utawaeleza wenzako tofauti, mmoja mmoja, mpaka waelewe."

Amemaliza. Ameweka mikono mapajani.

Wasikilizaji wapendwa, nisameheni. Nilimpenda kaka yangu, na nilikuwa nimekasirika kwamba hakufika zahanati, na nilimhitaji mtu wa kumkasirikia. Alikuwepo kijana mmoja mkimya, akatufaa.

Kipindi chetu kinafikia mwisho na mila ya redio ni kutoa pole. Kwa niaba ya Visima Viwili natoa pole kwa mjane, wifi yangu Nungarrayi, aliyebeba neno hili peke yake. Natoa pole kwa Bibi Lorna, dada wa marehemu. Natoa pole kwa Dale na wajukuu wote. Natoa pole kwa Kambi ya Magharibi, na natoa pole kwa Kambi ya Kusini, kwa sababu nao walikuwa watoto wake.

Ombi langu kwenu leo ni dogo. Mkitoka kwenye redio, fikirini. Kwetu mtu akifiwa tunamkumbatia. Kila tukikutana naye mara ya kwanza baada ya msiba, tunamkumbatia na kulia naye, awe dukani, awe barabarani, hata kama tuna ugomvi. Jiulizeni ni nani hamkumkumbatia msiba huu. Mimi nimejiuliza nikiwa hapa mezani, na jibu limesimama karibu na feni. Alimwona mzee akikata roho. Alimrudisha nyumbani akiendesha gari peke yake mbele, mjane analia nyuma. Alizima injini mbele ya zahanati, na tangu dakika ile hadi sasa hivi hakuna mkono hata mmoja uliomgusa isipokuwa wa kumpiga.

Pole, Selwyn. Pole sana, mwanangu.

Dale amenyanyuka kutoka sakafuni. Anamwendea. Selwyn amejikinga uso kwa kiwiko, anadhani anapigwa. Hapana, Selwyn. Teremsha mkono. Teremsha mkono, baba, hapigi mtu.